Posa ya Jukwaani

Ernesta alizoea kujisifu kwamba hajazaliwa mwanamume wa kumdanganya akafika naye mwisho wa maneno. Wenzake kisimani wakishamwitikia, yeye hutua ndoo, hufikiri kidogo, kisha huongeza, "Isipokuwa Bizimana. Huyu naye hakufika mwisho. Alisinzia katikati, maneno yaliyobaki nikayajazia mwenyewe, nikaolewa."

Bizimana huyo alikuwa mkulima wa migomba, Mkatoliki wa benchi la nyuma, mtu mpole ambaye hakuwahi kumpiga mkewe kwa kuwa hakuwahi kuamka kabla yake. Walikaa bondeni, chini ya mji wa Ngara, mahali ambapo ukitaka kwenda sokoni unapanda mpaka unajuta. Nyumbani alikuwa amebaki mtoto mmoja, Teddy, msichana wa kidato cha tatu. Mdomo alirithi kwa mama. Kwa baba, ashukuriwe Mungu, hakurithi usingizi.

Miaka ile wakimbizi walikuwa wengi kuliko migomba. Magari meupe yalipita usiku na mchana, kuku wakapanda bei, na watu waliokuwa hawana hata kibanda wakapangisha vyumba. Mashirika yalikuja kulisha wakimbizi. Yalipoona wenyeji wamenuna, yakawaita na wao, yakawauliza mna shida gani. Wenyeji wakasema maji. Mashirika yakaandika: jinsia.

Ndivyo sekondari ya mjini ilivyoletewa jinsia. Aliyeileta alikuwa dada mmoja kutoka Dar es Salaam, aliyevaa buti za mvua katikati ya kiangazi. Alisema wanafunzi watunge vichekesho juu ya wavulana na wasichana, jinsi wanavyotakana, wanavyochumbiana na wanavyooana, halafu wazazi waitwe waje wacheke. Wazazi wakicheka, alisema dada yule, wataelimika bila kujijua. Kila mwigizaji akapewa fulana nyeupe iliyoandikwa kifuani MSICHANA NI MTU.

Ernesta aliisoma fulana ya bintiye, akaigeuza aone kama mgongoni kuna maelezo zaidi.

"Kwani wao walidhani ni nini?" aliuliza. "Mbuzi?"

Msimamizi wa vichekesho alikuwa mwalimu Halfani, mtoto wa wafanyabiashara wa mjini, watu wenye asili ya pwani, aliyefundisha Kiswahili na kukiongea kana kwamba anakitoa kabatini. Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa mablanketi ya msaada mpaka madirishani. Kwa hiyo Jumamosi waigizaji walishuka kufanya mazoezi uani kwa Ernesta, penye nafasi, penye kivuli na, mwalimu asiseme uongo, penye ndizi za kuchoma.

*

Kichekesho cha kwanza wavulana walikuwa wake na wasichana walikuwa waume. Methusela, kijana mrefu wa kidato cha nne, alijifunga khanga akaja na ndoo kichwani, maji yakimwagikia shingoni. Teddy alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa koti la baba yake, miguu ameitandaza.

"Wee mwanamke! Maji ya kuoga yako wapi?"

"Yako bafuni, bwana."

"Ya moto?"

"Ya moto, bwana."

"Nani kakwambia nataka ya moto?"

Ernesta alicheka mpaka akaacha ndizi ziungue. Bizimana, aliyekuwa kajilaza pembeni kwenye mkeka, alifungua jicho moja.

"Hilo koti ni langu."

"Ndiyo, baba," Teddy alisema.

"Na wewe hapo ni nani?"

"Mimi ni mume."

"Mbona hufanyi kitu?"

"Ndio mchezo wenyewe, baba."

Bizimana alitafakari. "Mchezo mzuri," alisema. "Lakini huyo mume apate na muda wa kulala." Akafumba jicho.

Cha pili kilikuwa cha uchumba wa shuleni. Mvulana anamnunulia msichana soda, na kabla povu halijatulia anaanza kumtangaza kuwa ni wake. Methusela alikiigiza vizuri kupita kiasi. Alimtazama Teddy kwa macho ya ndama aliyeachishwa ziwa hata pale ambapo mchezo haukumtaka amtazame. Teddy alimrudishia chupa tupu. "Shika. Ukienda dukani watakurudishia na chenji ya mapenzi."

Cha tatu kilikuwa posa, na hapo ndipo Ernesta alipoingilia. Watoto walikuwa wamekitunga kwa mambo waliyoyaona kwenye magazeti: mvulana anapiga goti, anatoa pete, anatoa maua.

"Maua?" Ernesta alisimama na mwiko mkononi. "Huku maua tunalisha mbuzi. Nani kati yenu mama yake aliposwa kwa maua? Mwalimu Halfani, baba yangu, na wewe umekaa kimya?"

"Mama, mimi mila za huku sizijui sana," alisema mwalimu. "Sisi kwetu ni barua na kahawa."

"Basi kaa ufundishwe."

Akawafundisha. Upande wa mvulana hawaji wakasema tunataka binti. Wanakuja wakasema wamepotea njia, wamefuata moshi. Baba wa binti anajibu kwamba moshi wa kwake hauonyeshi mtu njia. Wanasema wana ndama amepotea. Anawauliza ana rangi gani. Watu wazima wanadanganyana hivyo hata nusu siku, kila mmoja akijua mwenziwe anadanganya, na anayedanganya vizuri ndiye anayeheshimiwa. Mwisho kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi, kinawekwa mbele ya baba, na mrija wake. Baba akivuta, akasema, "Tumepokea, kilima kimesikia," upande wa pili wanapiga makofi, viganja vikiwa vimekunjwa vitoe mlio wa chini.

"Halafu?" aliuliza Anuari. Huyu alikuwa mtoto wa duka la vitambaa mjini, mfupi, mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili, ndiyo maana akapewa kuwa baba mtu, na ndevu za pamba.

"Halafu hakuna halafu. Kwisha. Binti akilia, analia akiwa mke wa mtu."

Teddy alikiokota kibuyu cha plastiki cha mazoezi, akakigeuzageuza. Kisha akasema mwisho wa kichekesho anao. Baba akishika mrija tu, kabla hajavuta, binti anakinyakua kibuyu. "Baba, kabla hujanywa, niulize mimi kama nina kiu!" Hapo wote wanaganda, pazia linafungwa.

Walipiga makofi. Mwalimu Halfani akasema hiyo ndiyo jinsia yenyewe. Ernesta aliwarudisha mwanzo, akawasahihisha namna ya kukaa, namna ya kukohoa, hata namna ya baba kujifanya hakioni kibuyu. Kufikia Jumamosi ya mwisho mchezo haukuwa na kasoro hata moja. Kasoro moja ingewaokoa.

*

Sasa kuna Gidioni. Huyu ndiye baba yake Methusela, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Nyakahura, upande wa Biharamulo. Kabla ya wakimbizi alikuwa mtu wa kuazima baiskeli. Kambi zilipojaa akaanza kuuza nyama, na nyama ikamnunulia viatu vya kung'aa, redio ya begani, na tabia ya kuongea na watu akiwatazama juu ya vichwa.

Kiangazi kilichopita alikuwa amemtuma mshenga kwa Bizimana. Alimtaka Teddy awe mke wa Methusela. Methusela aendelee na masomo, maana mwanamume lazima asome. Teddy aje Nyakahura akae na wakwe, amngojee mumewe, na wakati anangoja amwandikie Gidioni hesabu za nyama anayowauzia wazungu. Karani alikuwa na gharama. Mkwe halipwi.

"Binti yangu bado anasoma," Ernesta alimjibu mshenga.

"Hata kule atasoma," alisema mshenga. "Mumewe atamwandikia barua."

Ernesta alimsindikiza mpaka barabarani kwa adabu, akamwonyesha njia ya Nyakahura asije akapotea akarudi.

Basi Gidioni aliposikia kwamba watoto wanaigiza posa na kwamba mwanawe ndiye mposaji, alifurahi mno. Alimtafuta mwalimu Halfani. "Mwalimu, mtaonyesha wageni kibuyu cha plastiki? Aibu. Mimi nitaleta cha kweli, chenye shanga." Mwalimu akamshukuru. Alimshukuru mbele ya dada wa shirika, na dada akasema huo ndio ushiriki wa jamii.

*

Siku ya maonyesho jukwaa lilipangwa uwanjani kwa madawati, pazia likiwa turubai la wakimbizi. Kilima kizima kilikuja. Viti vya mbele walikaa mkuu wa shule, dada wa shirika na kamera yake, na Gidioni na viatu vyake. Bizimana alipewa kiti safu ya pili, kwa kuwa baba wa mwigizaji. Hakuwahi kupewa kiti mahali popote, akakaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Ernesta alibaki nyuma na akina mama, wamesimama.

Kichekesho cha kwanza watu walilia kwa kucheka. Cha pili wasichana walipiga kelele, wavulana wakatazama chini. Ernesta aliuona uso wa bintiye juu ya lile koti la baba, unang'aa jasho na furaha, akajisemea: acha shirika liseme linavyotaka, huyu ni mtu, fulana au hakuna fulana.

Ikaja posa. Walipotea njia, wakafuata moshi, wakamtafuta ndama. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika; mmoja akasikika akisema watoto hawa wamefundishwa na mtu mzima. Kibuyu cha shanga kikawekwa mbele ya Anuari. Anuari akakohoa, akajifanya hakioni, akainama kushika mrija.

Akarudi nyuma ghafla, pua imekunjamana.

"Haki ya Mungu, haya si maji!"

Watu waliangua kicheko. Walidhani ndio mchezo. Nyuma ya pazia mwalimu Halfani alinong'ona, "Jifanye unakunywa!" Anuari akanong'ona kwa ile sauti yake nzito, uwanja mzima ukasikia, "Mwalimu, mama yangu yupo pale!" Kicheko kikaongezeka. Ndevu zikamdondoka.

"Hapo panahitajika mzee wa kweli!" ilisikika sauti kutoka viti vya mbele. Ilikuwa sauti ya Gidioni. "Baba wa binti si yupo? Mzee Bizimana, wasaidie watoto!"

"Bizimana! Bizimana!" uwanja ukaitikia.

Hakuna aliyewahi kuliita jina la Bizimana kwa wingi namna ile. Alisimama. Alishika ukosi wa shati lake. Alipanda madawati, akakaa mahali pa Anuari, akakohoa kikohozi kilekile ambacho mkewe alikifundisha uani wakati yeye akidhaniwa amelala, akajifanya hakioni kibuyu mpaka wazee wakajipiga mapaja kwa kicheko. Kisha akashika mrija.

Zamu ilikuwa ya Teddy. Ernesta alimwona akinyoosha mikono, akaona mikono ikisimama njiani. Anuari angenyang'anywa. Huyu alikuwa baba yake, mbele ya kilima, mdomo tayari umegusa mrija. Na mtoto aliyelelewa hamtoi baba yake pombe mdomoni. Alibaki ameinama, mikono imening'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani.

"Baba," alisema, kwa sauti ndogo. "Kabla hujanywa..."

Bizimana alivuta. Alivuta hadi mashavu yakazama. Alipopumua alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akawatazama watu wake wote, akasema kwa sauti ambayo Ernesta hakujua kama anayo:

"Tumepokea! Kilima kimesikia!"

Gidioni alisimama, akakunja viganja, akapiga makofi ya chini. Watu aliokuja nao kutoka Nyakahura wakasimama, wakapiga vilevile. Dada wa shirika akapiga picha.

*

Asubuhi yake, Ernesta akifagia, waliingia wanaume wawili wenye jembe jipya la kufungulia mahari, limefungwa majani ya mgomba. Mmoja alikuwa mshenga yule wa kiangazi.

"Leo hatujapotea njia, mama mkwe," alisema.

"Mama mkwe ni nani?"

"Pombe imenywewa. Mashahidi ni wilaya nzima. Mzee Gidioni anauliza tuje lini na ng'ombe."

Ernesta aliita ndani. Bizimana alitoka na blanketi begani, akaliona jembe, akatazama pembeni.

"Baba Teddy, jana ulikunywa nini?"

"Nilisaidia watoto."

"Nakuuliza ulikunywa nini."

"Kulikuwa na watu wengi," alisema Bizimana. "Wakaniita jina."

"Ni mchezo!" Ernesta aliwageukia wageni. "Mtoto wa Kiislamu alikuwa amevaa pamba kidevuni. Na hiyo pamba mmeiposa?"

"Pamba haikunywa, mama," alisema mshenga. "Baba mzazi amekunywa. Maneno ameyasema yote, hata neno moja halikupungua. Kama ni mchezo, mbona mlifanya sawasawa?"

Jembe likaegemezwa ukutani. Walipoondoka Bizimana alilisogelea, akalipima uzito.

"Ni jembe zuri," alisema.

Mkewe aliokota ufagio. "Kalale," alimwambia. "Siku ukilala hatuposwi."

Teddy alikuwa mlangoni, sare ya shule imekwisha kupigwa pasi. "Mama," alisema, "ni wewe uliyewafundisha." Hakuyasema kwa hasira, angeyasema kwa hasira yangepita. Akachukua daftari zake akapanda mlima.

Kabla ya saa sita alikuwa amerudi. Mkuu wa shule alimwambia shule haisomeshi wachumba; jambo likiisha kwa wazee arudi, lisipoisha aende salama. Ernesta alivua kitenge cha shambani akavaa cha kanisani, akaenda huko huko. Alimkuta mwalimu Halfani ofisini, amevaa fulana ya MSICHANA NI MTU.

"Mwalimu, shikamoo sitakupa leo, ingawa ungeitaka. Binti yangu yuko nyumbani kwa sababu gani?"

"Mama, mila ni jambo nyeti. Mkuu anaogopa kugombana na wazazi."

"Mimi si mzazi?"

"Wazazi... wote kwa jumla."

"Na Methusela yuko wapi?"

Mwalimu alitazama dirishani. Methusela alikuwa darasani, anasikika akijibu swali la jiografia.

"Huyo si mchumba?"

"Yeye ni mvulana, mama. Ana mtihani wa taifa."

Ernesta alimwambia avue fulana, asije akaichafua kwa jasho la uongo. Mwalimu alidhani ni utani, akatabasamu. Dada wa shirika alikuwepo pia, anafunga begi. Ripoti yake alikuwa ameimaliza. Alisema tukio la jana lilikuwa la kugusa sana, baba kupanda jukwaani na binti yake. Ernesta alipomweleza kwamba binti huyo ameozwa, dada alifungua macho, akasema pole sana, akasema hilo linaangukia mradi mwingine, akamwachia fulana mbili.

*

Likabaki la wazee. Kikao kilifanyika uani kwa mzee Sindayigaya, mkubwa wa kilima, kipofu wa jicho moja ambaye aliona zaidi kwa lile bovu. Wanaume walikaa kwenye magogo, wanawake chini upande wa zizi. Teddy aliketi nyuma ya mama yake. Ernesta aliisikia pumzi yake shingoni, fupi fupi kama ya mtu anayetoka kisimani na ndoo.

Gidioni alikuja na lori zima la ndugu. Alikuja na mkewe pia, Benedicta, maana posa inataka mama mtu aonekane. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye kitambaa cheupe kichwani na mikono iliyotulia mapajani. Ernesta alimjua kwa sura. Nyakahura siku za soko alikuwa akiimba na walokole wenzake karibu na wauza dagaa. Alipokuja kusalimia, Ernesta alimkaribisha uji. Hakumkaribisha kitu kingine, na Benedicta akamshukuru kwa hilo.

Sindayigaya alianza na Bizimana.

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa, mzee."

"Ukijua ni nini?"

"Nilikuwa na kiu, mzee."

"Kiu yako tunaijua, haihitaji ushahidi. Gidioni. Kibuyu kile ulikipeleka kuwa mchezo au posa?"

Gidioni alisimama, akatazama juu ya vichwa. "Posa, mzee wangu. Watoto walikuwa na mchezo wao, mimi nilikuwa na nia yangu. Naapa kwa kaburi la mama yangu. Mtu hawezi kunywa mali ya mwenzake, akasema tumepokea, halafu akajifuta mdomo akaenda zake. Hata jukwaani."

Wazee walinung'unika. Ilionekana ana haki. Pumzi iliyokuwa shingoni kwa Ernesta ikakatika kabisa.

Ernesta alimfinya mumewe. Mwanamke haulizi katika kikao cha posa. Huuliza kwa mdomo wa mume, kama anao.

"Muulize pombe ilitoka wapi," alinong'ona.

"Mke wangu anauliza..." Bizimana alianza.

"Usiseme mke wangu!"

"Mimi nauliza," alisema Bizimana, "usiseme mke wangu... pombe ilitoka wapi?"

Walicheka, lakini Sindayigaya aliinua mkono. "Ni swali. Pombe ya posa ina nyumba yake. Inakamuliwa kwa ndizi za mposaji na kuungwa kwa mtama wa nyumbani kwake. Iliyonunuliwa haiposi mtu. Hiyo ni ya kuondoa kiu tu. Ilitoka wapi, Gidioni?"

"Kwangu," alisema Gidioni, bila kuchelewa. "Migomba yangu. Nilikamua mwenyewe."

Ernesta akafinya tena, mpaka Bizimana akaruka kidogo.

"Na mtama ulisagwa na nani?"

Gidioni alitazama upande wa zizi. Benedicta alikuwa ameketi palepale, macho chini, mwanamke wa miaka mingi ambaye hakuwahi kumpinga mbele za watu, wala, kwa kumbukumbu yake, popote. Gidioni alimpima kama anavyopima ng'ombe mnadani, akaona ni salama.

"Na mke wangu," alisema.

Benedicta alikunja kitenge, akasimama polepole.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Asifiwe," wakaitika akina mama wachache, na wazee wawili bila kukusudia.

"Wazee wangu, shikamooni. Sikuja kusema. Nilikuja kukaa. Lakini tangu niokoke, jiwe langu la kusagia halijagusa mtama wa pombe. Nilitubu hadharani, kanisa likasikia. Nikinyamaza leo, nitakuwa nimesaga."

"Mama Methusela, kaa chini," alisema Gidioni, meno yamebana.

"Nitakaa. Wazee, nyumbani kwangu hakujakamuliwa ndizi mwaka huu wala mwaka jana. Kibuyu kile nilikiona siku kilipotoka. Kilitoka kitupu."

Sindayigaya hakuwageukia hata wenzake. Alipiga fimbo chini. "Basi hakuna posa. Bizimana alikunywa kiu yake, na wewe Gidioni ulimnunulia. Jembe lirudi kwa mwenyewe. Mtoto aende shule kesho, na mkuu wa shule akibisha aje aniulize mimi kama shule inasomesha wazee."

Akina mama walipiga vigelegele. Mikono ya Teddy ilimzunguka Ernesta kwa nyuma, na uso ukamwangukia mgongoni, mzito na wa moto. Bizimana alipongezwa na watu wa pembeni kwa maswali yake mazuri, akayapokea.

Lakini Benedicta alikuwa bado amesimama, na vigelegele vilipoisha wote wakamwona.

"Mzee," alisema, "la posa limeisha. Mimi nimebaki na langu dogo." Akamgeukia mumewe, kwa sauti ileile ya kanisani. "Baba Methusela, umeapa kwa kaburi la mama yako, nami nilimpenda mama yako. Umesema mtama ulisagwa na mke wako. Mimi sikusaga. Basi huyo mke aliyesaga anakaa wapi?"

Njia ilikuwa wazi mbele ya Gidioni. Angesema aliinunua sokoni, angechekwa, angepanda lori lake akaenda. Watu wote walikuwa tayari kumcheka na kumwachia. Lakini aliacha kutazama juu ya vichwa, akawatazama ndugu zake wa lori mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta nani amefungua zizi.

"Nani kakwambia?" alisema.